Bibi, Mtu wa Nne wa Kikosi Chetu

Najua wakubwa watacheka wakinisikia nasema enzi zetu, maana mie mwenyewe kitambulisho changu cha ukaazi bado kinanukia upya. Lakini nyie wenzangu wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu zilikuwa fupi. Zilianza pale simu za kupangusa zilipoingia majumbani huku Mtambile, zile tulizoachiwa na kaka zetu zikiwa zimeshapasuka kioo, na zikaisha kabla hata hatujamaliza skuli. Hapo katikati palikuwa na mchezo mmoja wa vita, wa kuchezwa na watu wa kila pahala kwa pamoja, na sie tuliuita Vita tu, kama kwamba duniani hakuna vita nyengine.

Mnaukumbuka. Ndege inakuchukueni, mnaruka na miavuli, mnatua kisiwani mikono mitupu, mnaingia nyumba zisizo na wenyewe kuokota bunduki na bendeji, na duara linabana, linabana, mpaka kibaki kikosi kimoja. Kikosi watu wanne. Mnazungumza humo humo simuni, mkisikilizana mnashinda, mkizozana mnakufa mwanzo. Kikosi chetu kilikuwa na watoto watatu, na wa nne alikuwa bibi yangu.

Sitanii. Ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa jikoni na simu yangu, mama yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mara ikatoka sauti ya mwanamme simuni ikaniita jina langu. "Raya, njoo huku." Mama aliinuka na kifuu mkononi. Simu ikachukuliwa, ikafungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na mie nikalia siku mbili. Nilimwambia kuwa huyo alikuwa Shaame, mtoto wa ami, anayekaa nyumba ya pili hapo, na mama akasema leo Shaame, kesho nani.

Aliyeniokoa ni Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Alimwambia mama: "Mrejeshee. Lakini atazungumza mbele yangu, na simu iwe na sauti nje, nami nisikie wanachosemezana." Akaongeza na sharti jengine, kwamba hakuna kupeana namba na mtu yeyote. Yanayosemwa yasemwe hapo hapo jamvini na yaishie hapo.

Basi kila siku baada ya sala ya Alasiri jamvi linatandikwa uwani, na Bibi anakaa na karafuu zake. Aliyekulia Pemba hahitaji kuambiwa kuchambua karafuu ni kazi gani. Zinaletwa kutoka shamba na vikonyo vyake, unaushika mkungu mmoja mmoja, unausugua kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku na makonyo unayatupa kule, na kesho yake zinaanikwa. Sharti la tatu, ambalo Bibi hakulitamka ila lilijulikana, lilikuwa kwamba nikifa mchezoni nachambua mpaka mchezo mwengine uanze. Nilikuwa nakufa sana. Vidole vyote mafuta ya karafuu, kioo hakisikii, nabonyeza kupiga bunduki, mtu wangu analala chini. Simu ile ilinukia karafuu hata ukiitia ndani ya mkoba wa skuli. Msimu ukiisha Bibi anasuka ukili, lakini harufu ile haikutoka mpaka simu ilipokufa.

Shaame yeye anacheza kwao, upande wa pili wa ukuta wa ua, kwa hivyo sauti yake tulikuwa tunaisikia mara mbili, mara ya kwanza ya ukutani na mara ya pili ya simuni. Bibi lilikuwa likimchekesha sana hilo. Anamuuliza kitu kwa ukutani, anasubiri ajibiwe kwa simu.

Siku moja tulikuwa wawili tu, mie na Shaame, mchezo wenyewe ukatutilia mtu tusiyemjua. Yule mtu hakusema neno. Tumetua, tumeokota silaha, tumevuka mto, kimya. Halafu akapigwa risasi kutoka juu ya paa, na hapo ndipo alipofungua mdomo. "Napigwa yakhe, napigwa, nkono huu." Lafudhi hiyo hiyo yetu. Shaame akacheka mpaka nikamsikia ukutani. Bibi akanyanyua kichwa kwenye karafuu.

"Huyo wa wapi huyo?"

Nikamwambia Bibi subiri, tumezungukwa. Bibi hakusubiri. Aliinama mpaka kinywa kikaikaribia simu. "We mwanangu, mwana wa nani?"

Risasi zinapita. Kisha yule mtu akasema, kwa adabu zote, "Shikamoo."

"Marahaba. Mwana wa nani?"

"Mie Faki, Bi. Wa Fundo."

"Fundo kwa nani?"

Akaanza kumtajia. Baba yake, babu yake, nyumba yao iko upande gani wa kisiwa, bibi yake kazaliwa wapi. Alipofika kwa baba wa babu yake sote tulikuwa tumeshakufa. Hawakupata undugu, wallahi walijaribu, lakini walipata harusi moja ya zamani huko Wete ambayo Bibi na bibi yake Faki walikula sinia moja. Kwa Bibi hilo lilitosha. Tangu siku ile Faki alikuwa wetu, na kikosi hakikuhitaji kutafutiwa mtu mwengine.

Sasa niwaambieni kwa nini nasema Bibi alikuwa mtu wa nne. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, kioo cha simu anaona mwangaza tu. Lakini masikio! Katika mchezo ule mtu akikunyemelea unasikia nyayo zake kabla hujamwona, na sie kwa papara zetu tulikuwa hatuzisikii. Bibi anachambua, kimya, mara anasema, "Kuna mtu kwenye majani." Nami namwambia hapana Bibi, ni Shaame huyo. "Shaame anakokota miguu. Huyu anapiga hatua fupi." Na kweli, mtu anatokea. Faki ndiye aliyekuwa wa mwanzo kumwamini. Akiingia tu nyumba mpya anauliza, "Bi, pako salama?" Bibi anasikiliza, anasema pako salama, au anasema kaa. Akisema kaa tunakaa.

Lakini hakupenda tupige watu ovyo. Alikuwa akituuliza huyo mnayempiga kakukoseni nini. Shaame alimjibu mara moja kwamba ndio mchezo, Bibi, tusipompiga atatupiga, na Bibi akasema basi mngemuuliza kwanza.

Na saa yetu ya kufa ilikuwa inajulikana. Adhana ya Magharibi. Fundo ilikuwa ikitangulia kidogo, tunaisikia adhana ya kwao ndani ya simu ya Faki, mbali, upepo umeichukua nusu, na kabla haijafika katikati, ya kwetu inaanza. Hapo hakuna cha duara wala risasi. Simu chini. Watu wetu wanabaki wamesimama kondeni na silaha zao wanauliwa na wasiosali, na sie tunakwenda kutia udhu. Siku moja tulibaki vikosi viwili tu, tumekaribia kushinda, nikamwangalia Bibi kwa jicho la huruma. Bibi akaniangalia kwa jicho lisiloona vizuri, likatosha.

Kabla ya kuachana kila siku anamuuliza Faki swali moja. Umekula? Faki mama yake alikuwa Maskati anafanya kazi za nyumbani, baba yake mvuvi, wiki nyingi yuko dago, yaani kambi za wavuvi huko mbali, na yeye anakaa na shangazi yake mwenye watoto sita. Anasema nimekula Bi. Umekula nini? Hapo ndipo anapotaja, muhogo, au shelisheli la kuchemsha, au anachelewa kutaja, na Bibi anajua. Akichelewa kutaja Bibi jioni ile na yeye chakula anakiacha nusu. Mie niliyaona haya na sikuyafikiria. Nilikuwa na haraka na mchezo.

Kisha nikapasi, nikapelekwa mjini Chake kusoma kidato cha tatu, nikae Madungu kwa mama mdogo. Na huko Madungu, jamani, Vita ilikuwa imeshakufa. Shaame naye alikuwa ameshahamia mchezo wa mpira. Wasichana wa darasani kwangu walikuwa wanacheza mchezo mwengine, wakiuita Vijumba. Unapewa kiwanja, unajenga nyumba, unapanda maua, unapaka rangi, wenzako wanakuja kukutembelea na kukuachia zawadi mlangoni. Nilipowaambia kuwa mie nacheza Vita walinitazama kama nimesema bado nanyonya. Mmoja akaniuliza, bado unaruka na miavuli?

Nami mwenyewe nilikuwa nimeshachoka, niseme kweli. Vita ilikuwa ile ile. Ndege ile ile, mto ule ule, kufa kule kule. Nikaingia Vijumba na wiki ya kwanza nikapanga ukumbi wenye mapazia ya buluu. Simu ikaniambia imejaa, haina nafasi. Nikaifuta Vita nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, kidole kimoja, sekunde moja, na ndoo ya mwenzangu haijajaa bado. Sikumwambia mtu. Nimwambie nani? Namba ya Faki sikuwa nayo, si tulikatazwa. Mlango ulikuwa mmoja tu wa kumpata na nimeufunga.

Mwisho wa wiki nikarudi Mtambile. Alasiri imesaliwa, nakuta Bibi ameshatandika jamvi. Nikakaa, nikafungua Vijumba. Mchezo ule hauna kuzungumza, mnaandikiana tu. Bibi akachambua, akachambua, halafu akasema, "Mbona leo kimya? Faki hajaingia?"

Na mie, bila hata kunyanyua macho, nikasema, "Hayupo Bibi. Kaenda dago na baba yake, huko hakuna mtandao."

Uongo huo niliutunga kwa pumzi moja kwa sababu nilikuwa namwagilia maua. Nilidhani utaisha siku ile ile.

Wiki ya pili akauliza, nikasema bado. Ya tatu, bado, mpaka ya saba, bado. Bibi hakuwa mtu wa kudanganywa mambo ya bahari. Akanihesabia. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, mwezi ukiwaka hawana kazi, wanarudi majumbani. "Mwezi umejaa mara mbili sasa. Wenziwe wote wamerudi. Yeye dago gani hilo?" Nikasema labda wamekwenda mbali, Bibi. Labda Kenya. Akarudia, "Kenya," akaacha kuchambua. Nilimwona anautazama mkono wake wenye karafuu kama ameusahau. Ningemwambia pale. Lakini kulikuwa na mtu anabisha mlango wa kijumba changu simuni, kaniletea kiti cha kubembea.

Ijumaa iliyofuata nilifika nyumbani nakuta viatu vidogo vimejaa mlangoni. Uwani watoto wa chuoni wamekaa duara na maalim wao, wanasoma Yasini, sauti zote pamoja, na jikoni kuna mikate ya kumimina imepangwa kwenye sinia na birika kubwa la chai linatoa moshi. Mdogo wangu Nasra, wakati ule ana miaka sita, alikuwa amesimama na kanga ya mama kichwani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, nani kafa?

"Hajafa mtu," akasema. "Wanamwombea yule wa simuni. Asizame."

Nikakaa nao. Ningefanyaje? Nikanyoosha viganja nikaitikia amin, amin, kwa ajili ya mtu niliyemzamisha mie mwenyewe kwa ulimi wangu. Bibi alikuwa pembeni na kanga yake ya kusalia, midomo inatikisika, na nilijua hajala tangu asubuhi.

Dua ikaisha, watoto wakala, mikate yote ikaisha. Maalim alipokuwa anavaa viatu akamwambia Bibi asiwe na wasiwasi, Jumatatu yeye anakwenda Wete, atapanda boti mpaka Fundo, aende nyumbani kwa kina Faki kuwapa pole na kuuliza habari za chombo. Hapo ndipo nilipoona mbele. Nikamwona maalim anabisha hodi kwa yule shangazi mwenye watoto sita, anampa pole ya mtoto kuzama. Nikaona simu inapigwa Maskati.

"Maalim, usende," nikasema. "Faki hayuko dago. Yupo kwao. Mie ndiye niliyeondoka."

Ikabidi nieleze yote pale mlangoni, na Vijumba, na simu kujaa, na foleni ya maji. Maalim alisikiliza mpaka mwisho na kiatu kimoja mguuni. Kisha akasema Yasini haiharibiki, imeshasomwa, Mungu anajua pa kuipeleka, akavaa cha pili akaondoka na watoto wake. Mama alikuwa ameshika mdomo. Sijui kama alitaka kunipiga au kucheka.

Bibi aliinuka. Alikusanya vikombe kimoja kimoja kwa kupapasa, nami nikamfuata nikisubiri maneno. Alipomaliza akakaa.

"Faki kakukosea?"

"Hajanikosea, Bibi."

"Kakutukana?"

"Hapana."

"Basi mtu hajakukosea, hajakutukana, unaondokaje kwake bila ya kuaga?"

Nikajitetea. Nikamwambia Bibi ule ni mchezo tu, watu wanaucheza, wanauchoka, wanahama, ndivyo ulivyo. Mie nimeuchoka.

"Mchezo uchoke," akasema. "Nani kakukataza kuchoka? Mie sikuulizi mchezo. Nakuuliza mtu."

Kesho yake nilinunua bando nikaanza kuishusha tena Vita. Nilikuwa nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, pembeni ya ukuta wa ua, maana hapo ndipo mtandao unapopatikana, mkono juu. Nimefuta kijumba changu kizima ili ipatikane nafasi, na mapazia, na kiti cha kubembea. Inashuka, inasimama, inashuka. Nilipiga ukuta kwa hasira. Bibi ananiuliza kutoka jamvini imefika, nasema nusu, baadaye ananiuliza tena, nasema nusu ile ile. Ilipomalizika neno la siri nimelisahau. Nikajaribu jina la Shaame, nikajaribu jina la paka wetu, likakubali la paka.

Nikafungua orodha ya kikosi. Shaame kijivu. Faki alikuwa na taa ya kijani. Yumo ndani.

Nikamwita, akaja. Ndege ikatuchukua, tukaruka, tukatua kondeni. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Bibi akaivuta simu kwake.

"Faki?"

Nasikia kuku wa kwao, nasikia mtoto analia mbali.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Alivuta pua, akajifanya anakohoa. "Mie nlidhani Bi katangulia mbele ya haki," akasema. "Nkaogopa hata kuuliza. Na wa kumuuliza sina."

Kumbe na yeye kule alikuwa na msiba wake. Bibi akasema bado nipo, nipo, akaanza kumuuliza habari za shangazi na za mama na za boti, na sie watu wetu wamesimama katikati ya konde bila hata kisu. Nyayo zikasikika. Bibi alizisikia mwanzo, kama kawaida yake, lakini mara hii hakusema kaa. Alisema, "Hebu tuacheni, tunazungumza." Wakatupiga risasi. Tukaingia mchezo mwengine, wakatupiga tena, mazungumzo yakaendelea.

Mwisho nikapata zamu yangu. Nikasema, Faki, nisamehe, niliuchoka mchezo nikaufuta, na sikukuaga. Nikasubiri.

Akacheka. "Kwani mie siuchoki? Mchezo huu nliuchoka zamani, Raya, kabla hata ya Shaame. Mie sasa nacheza wa mpira. Huku naingia saa kumi, nasikiliza kama mmo, natoka."

Miezi yote ile. Saa kumi, kila siku, anaingia kwenye vita aliyoichoka, anakaa kimya kusikiliza kama kuna bibi.

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye makonyo, anayatenga upya yaliyokuwa yameshatengwa.

Siku ile sharti lilivunjwa. Faki alipewa namba, lakini si yangu, ya Bibi, ya kile kisimu chake cha vitufe. Na Vita tuliifuta sote kwa pamoja, kwa kuagana, Shaame naye tulimwita kwa ukutani aje kushuhudia. Bibi alisoma Fatiha. Vijumba sikurudi tena. Nilijaribu mara moja, nikakuta kiwanja changu kimeota majani na wale wasichana wamehamia pengine.

Siku hizi Bibi hayuko Mtambile. Anakaa Wete kwa ami yangu mwengine, kwa ajili ya macho yake, na Faki anauza samaki Wete. Alipokwenda kumtembelea mara ya kwanza Bibi alimpapasa mabega akasema kumbe mfupi, maana kwa sauti alimkisia mrefu. Anapita kwake kila baada ya sala ya Ijumaa. Nikipiga simu naambiwa Faki kaleta changu wa kukaanga, Faki kanipeleka kwa daktari, Faki kaniwekea pazia. Moyo unanichoma kidogo, siwafichi. Mie ndiye mjukuu.

Na nyumbani kuna Nasra. Sasa ana miaka kumi na miwili na simu nzuri kuliko zote nilizopata kumiliki, kioo kizima, haina harufu. Sie tulicheza na dunia nzima na ua wote ukisikia. Mama alijua nani kapigwa, jirani alijua nani kakimbia, kuku walijua. Hawa wadogo zetu wana vile vidude visivyo na waya, viwili, kila sikio kimoja, na wakishavitia hata ukiwaambia nyumba inaungua wanatikisa kichwa tu. Anacheza na watu wasio na majina. Mwezi huu peke yake amebadilisha michezo mitatu. Juzi nilimkuta anafuta mmoja, kidole kimoja, sekunde moja, na mkono wa pili ana andazi.

Nikamuuliza, wale uliokuwa ukicheza nao umewaaga?

Alitoa kidude kimoja ili anisikie vizuri. "Nimwage nani?" Hakuwa ananijibu jeuri. Alikuwa anataka kujua kweli.

Nikakaa karibu yake kizingitini. Nikamwambia kile kidude alichokitoa anipe mie. Alikifuta kwa kanga, hakutaka sana, akanipa. Nikakitia sikioni.

Mchezo mpya, mbio za magari sijui, makelele. Na nyuma ya makelele kuna mtoto anakohoa. Kikohozi kizito, cha kifuani. Mbali zaidi kuna mtu mzima anasema jambo kwa lugha nisiyoijua, na sahani zinagongana.

"Nani huyo?"

"Sijui. Wa upande wangu."

"Anakohoa."

"Kila siku anakohoa," akasema, macho kwenye kioo, gari lake linakata kona. Likakata kona ya pili. Kisha likapunguza mwendo, magari mengine yakampita, manne, matano, naye akabonyeza kile kialama cha kuzungumzia, ambacho sijapata kumwona anakibonyeza, na kwa Kiingereza chake cha skuli, taratibu, neno moja moja, akamuuliza kama amekunywa dawa.

Kule upande wa pili kikohozi kikakatika, kama mtu aliyeitwa kwa ghafla na hakujua kuwa anasikika.